Tungule zangu zinazidi kuungua: ni mbolea, ni udongo, au ni kisima?

*"Mtaalamu, salaam aleikum. Mimi ni mama mstaafu, ninaishi Utange, Kisauni, na nyuma ya nyumba nimepanda tungule, yaani nyanya, kwenye matuta manane. Maji nachota kwenye kisima chetu cha uani, mitungi 15 ya lita 20 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Yana chumvi kidogo lakini tumeyazoea. Miezi miwili ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Sasa majani machanga ya juu yamegeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, majani ya chini yameungua kingo kana kwamba yamepitiwa na moto, na matunda yana doa jeusi kitakoni. Jirani ameniambia niongeze majivu na maganda ya mayai. Dukani nimeuziwa mbolea ya DAP mara mbili, nami naweka konzi moja kila shina, lakini hali inazidi kuharibika. Mwanangu aliyeko Nairobi anataka kunijengea kivungulio, anasema kilimo cha kisasa ndicho suluhisho. Nifanye nini kabla hajatuma pesa?"*

Waaleikum salaam, mama. Nashukuru kwamba umeeleza dalili moja moja, jani la juu mbali na jani la chini, kwa sababu maelezo hayo yamenisaidia kuliko ambavyo picha ingenisaidia. Kwa jinsi ninavyokuelewa, hofu yako ni kwamba mimea yako ina njaa, na kila aliyekushauri amekupa chakula cha kuilisha: majivu, maganda, mbolea ya dukani. Mimi naona kinyume chake. Mimea yako haina njaa, ina kiu, ingawa unainywesha maji kila siku, na karibu kila ulichoongeza kimeizidishia kiu hiyo. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba usiongeze chochote kwenye matuta hayo wiki hii, wala DAP, wala majivu, wala samadi ya kuku.

Nianze na maji. Unapotengeneza kachumbari hukikata kitunguu, ukakisugua kwa chumvi, na baada ya dakika chache bakuli likajaa maji ambayo hukuyatia wewe. Chumvi imeyavuta maji kutoka ndani ya kitunguu. Mzizi wa mmea unafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: huweza kunywa kwa kuwa utomvu ulio ndani yake ni mzito kuliko maji yaliyo nje, udongoni. Maji ya udongoni yakizidi kuwa na chumvi, tofauti hiyo hupungua, na mzizi hulazimika kutumia nguvu nyingi kupata maji kidogo. Udongo unaweza kuwa umelowa ukiugusa, na mmea uliosimama ndani yake ukawa katika hali ya ukame.

Sasa tupige hesabu ya kisima chako. Sijakipima, hivyo tuchukue mfano wa maji yenye kipimo cha desisimensi 2 kwa mita, kiasi ambacho si cha ajabu kwa visima vya pwani. Kipimo hicho hueleza jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi. Maji ya namna hiyo hubeba takriban gramu 1.3 za chumvi katika kila lita, yaani karibu gramu 25 katika mtungi mmoja wa lita 20, ambazo ni kama vijiko vinne vya chai. Kwa mitungi 15 unamwaga karibu gramu 375 kwa siku, na kwa mwezi mmoja zaidi ya kilo 11. Mmea hunywa maji na kuiacha sehemu kubwa ya chumvi udongoni, na jua nalo hukausha maji na kuiacha chumvi palepale. Ndiyo sababu miezi miwili ya kwanza ilikuwa mizuri: chumvi ilikuwa bado inajikusanya. Chunguza juu ya matuta saa nane mchana, hasa pembezoni, na ukiona utando mweupe kama unga uliomwagika, umeiona kwa macho yako.

Kunyunyiza kidogo asubuhi na kidogo jioni, ambako wengi hukuona ndiko uangalifu, huongeza tatizo hili. Maji machache hulowesha sentimita chache za juu tu, hayapati uzito wa kushuka na kuibeba chumvi hadi chini ya mizizi, kisha jua letu huyarudisha hewani. Tena yakimwagwa juu ya majani, chumvi hukaukia kwenye jani lenyewe. Kingo zilizoungua za majani ya chini, ambayo ndiyo makongwe na yamekusanya chumvi kwa muda mrefu zaidi, zinalingana kabisa na maelezo hayo.

Umesema mmeyazoea maji hayo, na hapo ndipo wengi tunapokosea, kwa maana ulimi huzoea lakini mmea hauzoei. Wapo pia wanaopima kwa sabuni, wakiona haitoi povu wanasema maji yana chumvi. Sabuni hukataa povu hasa kwa ajili ya chokaa iliyomo ndani ya maji, na hilo ni jambo jingine, ingawa visima vya matumbawe aghalabu huwa na yote mawili. Kuna kifaa kidogo chenye ukubwa wa kalamu kinachosoma kipimo hiki moja kwa moja; ukiweza kukiazima au kukinunua, kitakufaa kuliko gunia la mbolea. Kwa viwango vinavyotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida, kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu, na zaidi ya 3 yanazuia sana uchaguzi wako wa mazao.

Pima asubuhi kabla ya kuchota, kisha upime tena baada ya kuchota mitungi yote. Nasema hivyo kwa sababu chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo zikiyasukuma maji ya bahari yasipande. Uwiano huo ni neema, na ni hatari vilevile, maana ukivuta kwa pupa mpaka kimo cha maji kikashuka, maji ya chumvi hupanda kutoka chini kwa kiasi kikubwa kuliko ulivyoshusha. Kisima kinachochotwa kidogo kidogo kwa ndoo huweza kubaki kitamu kwa miaka mingi, na kisima cha jirani yake, kilichotiwa pampu yenye nguvu, kikaharibika kwa misimu michache. Kwa hiyo ikiwa kipimo cha pili kimepanda kuliko cha kwanza, usitie pampu kubwa.

Nije kwenye udongo, nikikuomba ufanye jaribio moja jikoni. Chukua konzi ya udongo mkavu wa tuta, uuweke kwenye kisahani, uutone matone machache ya siki. Ukichemka na kutoa povu, udongo wako una chokaa, na kwa upande wenu wa Kisauni, karibu na ufuo, sitashangaa. Ardhi hiyo imetokana na matumbawe, na chokaa waliyojengea wazee wetu nyumba za Mji wa Kale ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa tanurini. Majivu na maganda ya mayai ni dawa nzuri kwa udongo mchachu wa nyanda za juu zenye mvua nyingi, ambako jirani yako huenda ndiko alikosikia ushauri huo. Kwenye udongo wa matumbawe, ambao pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho 7 ndiyo katikati, mara nyingi huwa kati ya 7.5 na 8.5, kumwaga majivu ni kuongeza chokaa juu ya chokaa.

Hapo ndipo yanapotokea manjano ya majani machanga. Kuna kanuni nyepesi ambayo ningependa kila mkulima aijue: mmea ukikosa nitrojeni, huihamisha kutoka majani makongwe kwenda machipukizi, kwa hiyo manjano huanzia chini. Ukikosa madini ya chuma, hauwezi kuyahamisha, kwa hiyo manjano huanzia juu, kwenye majani machanga, na mishipa hubaki kijani kama wavu. Wewe umeieleza hali ya pili kikamilifu. Chuma kimo tele ardhini, lakini kwenye udongo wenye chokaa nyingi huganda katika hali ambayo mzizi hauwezi kuinywa. Fosforasi ya DAP nayo hukutwa na mkasa huo, hushikana na chokaa na sehemu yake kubwa ikakaa bila faida, huku amonia yake ikiweza kuunguza mizizi michanga. Konzi moja kwa shina ni nyingi mno. Kipimo cha kawaida wakati wa kupanda ni kizibo kimoja au viwili vya soda, ikichanganywa vizuri na udongo, na haihitaji kurudiwa. Ukumbuke pia kwamba mbolea nyingi za chenga, DAP ikiwemo, ni chumvi kwa maana ya kikemia, kwa hiyo konzi hizo zinaongezeka juu ya zile kilo 11.

Doa jeusi kitakoni, ambalo huitwa kuoza kitako, ndilo lililofanya upewe ushauri wa maganda ya mayai, na kuna ukweli nusu ndani yake. Ni kweli kwamba kitako cha tunda huoza kwa kukosa kalsiamu. Lakini udongo wako umejaa kalsiamu, hiyo chokaa yenyewe ni kalsiamu. Kinachokosekana ni usafiri: kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji, na maji hukimbilia kwanza kwenye majani yanayopumua kwa wingi, kisha tunda likapata makombo. Mzizi unaposhindwa kunywa kwa sababu ya chumvi, sehemu ya mwisho kufikiwa ni kitako cha tunda. Dalili zote tatu ulizoziona, mama, zinakurudisha kwenye chumvi na chokaa, na hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kuongeza DAP, majivu au maganda ya mayai.

Huenda mtu akakushauri utie unga wa salfa ili kushusha pH. Salfa hufanya kazi, ila tazama hesabu yake: udongo wa mita moja ya mraba, kina cha sentimita 15, una uzito wa karibu kilo 195. Ikiwa asilimia 1 tu yake ni chokaa, hizo ni karibu kilo 2, na kuimaliza kunahitaji zaidi ya nusu kilo ya salfa. Udongo wa matumbawe unaweza kuwa na chokaa mara nyingi zaidi ya hapo. Utatumia pesa nyingi na pH haitashuka kwa namna utakayoiona.

Kinachowezekana ni kuujengea mzizi mazingira yake mwenyewe kwa mboji. Mfano mkubwa uko hapo Bamburi, karibu na kwako. Kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe mpaka pakabaki uwanda mweupe wenye maji ya chumvichumvi, bila udongo wowote. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, alianza kupanda miti humo, na uliostahimili vizuri ni mvinje. Tatizo likawa majani yake makavu, yaliyorundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu tunaowaona wakati wa mvua. Jongoo walitafuna majani hayo, kinyesi chao kikawa mboji, na juu ya mawe yaleyale leo kuna msitu. Hawakuyaondoa matumbawe, walitandaza maisha juu yake. Sikuahidi msitu kwa msimu mmoja, lakini kanuni ni hiyo: mboji hushika maji, huzuia chuma kisigande chote, na huupa mchanga uwezo wa kuhifadhi chakula. Tumia samadi ya ng'ombe au ya mbuzi iliyooza vizuri na kunyeshewa mvua. Ya kuku iwe kidogo sana, na iliyozeeka, kwa kuwa nayo ina chumvi nyingi.

Kwa tungule zilizopo, nakushauri hivi. Acha kunyunyiza mara mbili. Mwagilia mara moja, alfajiri, kwenye shina na si kwenye majani, na uongeze takriban sehemu moja ya tano juu ya kiasi ambacho mmea unahitaji, ili ziada hiyo ishuke na kuibeba chumvi. Kwa maji yenye kipimo cha 2 na zao la tungule ndivyo hesabu inavyotoka, yaani mitungi 15 iwe 18. Mchanga wenu unapitisha maji upesi, na katika jambo hili hiyo ni bahati. Funika matuta kwa matandazo, nyasi kavu au makuti yaliyochanwachanwa, ili jua lisivute maji na kuiacha chumvi juu. Kwa manjano, ulizia dukani mbolea ya chuma kilichofungwa kwa kemikali ili kisigande udongoni, ya aina ya EDDHA, kwa maana aina ya EDTA huvunjika kwenye udongo wenye pH kama yenu. Ni ghali, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye mashina matano na usubiri siku kumi uone kama machipukizi mapya yanatoka kijani. Matunda yaliyokwisha oza kitako yaondoe, hayaponi.

Mvua ndiyo dawa kubwa kuliko zote nilizotaja. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake ikiwa masika, na kila milimita 1 juu ya paa la mabati la mita 100 za mraba ni lita 100. Hata ukipoteza sehemu ya tano, unabaki na lita 80,000 kwa mwaka. Huwezi kuyahifadhi yote, lakini tangi moja la kutumia wakati wa kitalu, na la kuchanganya na maji ya kisima nusu kwa nusu wakati wa maua, litabadilisha hesabu yote. Masika yenyewe huosha udongo, kwa hiyo panda mara mvua kubwa zinapopungua, mwezi wa Juni hivi, kusi likivuma na usiku ukiwa wa baridi kidogo. Tungule zikichanua katika joto la Februari na Machi hudondosha maua hata pasipokuwa na chumvi.

Kuhusu kivungulio, namheshimu mwanao kwa moyo wake, lakini mwambie asitume pesa hizo bado. Kivungulio huzuia mvua isiingie, na mvua ndiyo inayokuoshea udongo bure. Ndani yake chumvi hukaa bila kuoshwa msimu baada ya msimu, tena plastiki huhifadhi joto ambalo Mombasa tayari tunalo la kutosha. Akitaka kusaidia, anunue tangi na mifereji ya bati, kisha mipira ya matone, na kama pesa zitabaki, neti ya kivuli iliyo wazi pembeni. Umwagiliaji wa matone unafaa kwa maji kama yenu kwa sababu hulowesha mzizi bila kugusa jani. Una tahadhari moja ambayo wauzaji huwa hawaisemi: chumvi husukumwa pembezoni mwa duara la udongo uliolowa, na manyunyu ya kwanza ya msimu huirudisha kwenye mizizi. Siku ya manyunyu mepesi usifunge matone, yaache yatiririke mpaka mvua ya kweli ifike.

Jambo la mwisho la kupima ni kama tungule ndilo zao la kisima hiki. Zao hili huanza kupoteza mavuno kipimo cha chumvi ya udongo kinapopita 2.5, na kila desisimensi 1 inayozidi huondoa karibu sehemu moja ya kumi. Maharagwe huanza kuumia kwenye 1, vitunguu kwenye 1.2, kwa hiyo usikimbilie huko. Mabamia, ingawa yanapenda joto letu, nayo hayavumilii chumvi sana. Kunde hufika 4.9 kabla ya kupungua, na hutoa mboga mapema, nitrojeni yake ikijitengenezea yenyewe. Kama shamba langu lingekuwa na kisima cha 2 au zaidi, ningepanda kunde kwenye matuta sita, na tungule kwenye mawili yaliyo karibu na tangi la mvua.

Haya yote nimeyasema bila kuiona mimea yako, na yapo mambo ambayo lazima mtu ayaone. Ng'oa shina moja lililo dhaifu zaidi. Mizizi ikiwa na mafundo kama shanga, una minyoo ya mizizi, ambayo hupenda mchanga wetu. Shina likinyauka ghafla majani yakiwa bado mabichi, likate karibu na ardhi, ulining'inize kipande chake ndani ya glasi ya maji safi, utazame dakika chache: vikitiririka vijiuzi vyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria, na tuta hilo usipande tungule, biringani wala pilipili. Kwa hali zote mbili mwite afisa wa kilimo wa wadi yako aje, usinunue dawa kwa kubahatisha. Muone pia ikiwa kipimo cha kisima kimepita 3. Na kabla ya masika, peleka udongo ukapimwe maabara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichopo Mtwapa hakiko mbali nawe, na watakuelekeza. Chukua udongo sehemu 15 hivi, ukienda zigizaga, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kutiwa mbolea, na ufunge nusu kilo kwenye mfuko. Chukua na chupa ya maji ya kisima, iliyojazwa baada ya kuchota mtungi wa mwisho wa siku.